Mapenzi ya Saa Kumi na Nusu: Kilungu, Nairobi na Vitabu vya David Maillu

Nunguni iko juu ya milima ya Kilungu, katika kaunti ya Makueni. Huko ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka, na watu huvaa sweta hata katika miezi ambayo tambarare za chini, kuelekea barabara kuu ya Mombasa, zinaungua kwa jua. Miteremko imekatwa makinga maji ngazi kwa ngazi, na kila familia inaijua ngazi yake. Zamani eneo hili lilihesabiwa ndani ya wilaya ya Machakos, hadi wilaya ya Makueni ilipomegwa mwaka 1992. Katika milima hiyo ya Kilungu alizaliwa David Maillu mwaka 1939, mwandishi aliyewafanya Wakenya wa miaka ya 1970 wasome hadithi za mapenzi huku wakizicheka. Ili tuelewe alivyofanya hivyo, na kwa nini ilikuwa wakati ule na si miaka kumi kabla, inafaa tuanze na ng'ombe.

Mwaka mmoja kabla Maillu hajazaliwa, yaani 1938, serikali ya kikoloni iliamua kwamba mifugo ya Wakamba imezidi uwezo wa ardhi, ikaanza kuikamata na kuiuza kwa nguvu. Sehemu kubwa ya tatizo ilitokana na serikali yenyewe, kwa kuwa mipaka ya hifadhi ilikuwa imewazuia Wakamba wasifike kwenye malisho waliyoyatumia zamani. Maelfu ya watu walitembea hadi Nairobi kupinga, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa, na kiongozi wao Muindi Mbingu akahamishiwa Lamu. Serikali ilirudi nyuma katika suala la mifugo, lakini somo lilibaki: mali yenye miguu inaweza kuchukuliwa. Tangu hapo, na hata kabla yake, vijana wengi wa Ukambani walitafuta mali ya aina nyingine, nayo ni mshahara. Waliingia jeshini, polisi, reli na ofisi za Nairobi.

Jambo hili linahusu mapenzi kuliko linavyoonekana. Mahari ilikuwa mbuzi na ng'ombe, na mbuzi na ng'ombe hutoka kwa baba na wajomba, kwa hiyo kijana aliyetaka kuoa aliwahitaji wazee wake. Kijana mwenye mshahara aliweza kununua mbuzi mwenyewe, au kulipa fedha taslimu, au kumchukua msichana na kuahirisha malipo mpaka mwisho wa mwezi usiofika. Uchumba ukahama kutoka kwenye boma ukaenda kwenye kalenda ya malipo. Hapo ndipo kichekesho cha Maillu kitakapochipuka miaka 35 baadaye.

Kitu cha pili kilichohitajika ni wasomaji. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, kusini mwa Kilungu, mwaka 1895, na kwa miongo mingi aliyejua kusoma Ukambani alisoma kwanza maandiko: Agano Jipya la Kikamba lilitoka 1920 na Biblia kamili 1956. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na shule za sekondari 151 na wanafunzi wapatao 30,000 tu. Kisha zikaja shule za harambee, zilizojengwa kwa michango ya wazazi, na katika muda wa miaka kumi nchi ikajaa vijana wenye vyeti vya kidato cha nne na Kiingereza cha kutosha kuandika barua ya kuomba kazi. Wengi wao walielekea Nairobi. Sensa ya 1969 ilihesabu watu laki tano na ushei katika jiji hilo, na ile ya 1979 ikakuta zaidi ya laki nane.

Vijana hawa walisoma nini baada ya mtihani? Kulikuwa na riwaya za mfululizo wa African Writers wa Heinemann, ulioanza 1962, lakini nyingi zilinukia darasa, maana ndiko zilikotumika. Kulikuwa na James Hadley Chase na bastola zake. Kulikuwa pia na vitabu vya mapenzi vya Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, ambamo muuguzi mwenye macho ya kijani hupendwa na daktari mwenye kiburi, wakagombana kurasa 150, kisha wakaoana. Msomaji wa Nairobi alivisoma akavifurahia. Hata hivyo, katika vitabu hivyo hakuna anayeulizwa mahari, hakuna anayetuma fedha nyumbani, wala hakuna mjomba anayefika bila taarifa na kulala kwenye kochi. Mapenzi yale hayakuwa na gharama, na msomaji aliyekuwa akihesabu nauli ya wiki alijua kuna jambo limefichwa.

Kati ya hadithi hizo na maisha ya msomaji kulikuwa na pengo, na watu wawili walilipitia kabla ya Maillu. Wa kwanza ni Okot p'Bitek wa Uganda, ambaye Song of Lawino yake, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1966, ilionyesha kwamba malalamiko ya mke kuhusu mume aliyelewa uzungu yanaweza kuwa shairi refu la mistari mifupi linalosomwa na mtu yeyote. Wa pili ni Charles Mangua. Riwaya yake Son of Woman ya 1971 ilimleta mhusika asiyejutia lolote, anayesimulia ulevi, ujanja na wanawake wa Nairobi kwa lugha ya barazani. Ilinunuliwa kwa kasi iliyowashangaza wachapishaji. Okot alitoa umbo, Mangua akathibitisha kwamba soko lipo.

Maillu alikuwa tayari jijini. Alikuwa amejisomesha kwa sehemu kubwa mwenyewe, kwa masomo ya posta, na katika miaka ya kwanza ya uhuru alifanya kazi katika shirika la utangazaji, Sauti ya Kenya, kama mchoraji. Mwaka 1972 alitoa kitabu cha Kikamba, Ki Kyambonie, na katika mwaka huohuo hadithi za watoto za Kisalu and His Fruit Garden. Vyote viwili vilikuwa vya heshima, na vyote viwili vilimwonyesha kwamba heshima hailipi kodi ya nyumba. Alisema baadaye kwamba kabla ya kuendelea aliuliza kwanza watu wa kawaida wanapenda kusoma kuhusu nini, akapata majibu ambayo mchungaji asingeyapenda. Akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akaandika, akachora majalada, akachapisha.

Mwaka 1973 vikatoka Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle, na mwaka 1974 After 4:30. Vilikuwa vidogo kiasi cha kuingia mfuko wa koti. Viwili vya mwisho vimeandikwa kwa mistari mifupi ya kishairi isiyo na vina, ambayo jicho huishika hata gari likiruka mashimo. Mwaka huohuo wa 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni zilizohitajiwa na mabasi, na maelfu ya makarani wakawa na nusu saa ya kubanwa asubuhi na nusu saa ya kubanwa jioni. Sidai kwamba matatu ndizo zilizoviuza vitabu vile. Ila mtu akitaka kubuni kitabu cha kusomwa kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika chuma cha juu, hawezi kukipita After 4:30.

Jina la kitabu hicho lilieleweka na kila mfanyakazi bila maelezo. Ofisi za serikali zilifungwa saa kumi na nusu jioni. Saa hiyo mashine za taipu zilifunikwa vifuniko vyao, faili zikarudi kabatini, koti lililoachwa kwenye kiti tangu asubuhi ili lionekane kana kwamba mwenyewe yupo likachukuliwa. Katika dakika chache zilizofuata mambo mengi yaliamuliwa: nani anakwenda moja kwa moja kwenye kituo cha basi, na nani ameitwa abaki kidogo kwa bosi kumalizia barua ya haraka. Msimulizi mkuu wa Maillu ni mwanamke aliyepitia njia hiyo, mama anayelea mtoto peke yake, na anawazungumzia mabosi bila kuwastahi.

Hadithi ya mapenzi ya kawaida ina vipande vyake vinavyojulikana: kukutana, kizuizi, barua, wivu, kuungama na ndoa. Maillu hakuvitupa. Alivihifadhi vyote, kisha akabadilisha aliyekaa ndani yake. Katika My Dear Bottle mtu mzima anaimba sifa za mpenzi wake kwa maneno ambayo mvulana wa sekondari angemwandikia msichana, lakini mpenzi huyo ni chupa ya pombe. Kila kiapo cha uaminifu kipo, kila machozi yapo, na chupa haimjibu. Msomaji anacheka kwa sababu anaitambua lugha: ndiyo aliyoitumia yeye mwenyewe katika barua yenye karatasi ya maua. Katika Dear Monika, kitabu cha umbo la barua cha katikati ya muongo huo, mume anamwandikia mke aliyemkimbia. Barua ya mapenzi, ambayo katika riwaya za London huleta wapenzi pamoja, hapa inaandikwa baada ya mambo kuharibika, nayo inazidi kumfichua mwandishi kadiri anavyojitetea.

Unfit for Human Consumption inacheka kwa ukali zaidi. Jina lenyewe ni la muhuri wa mkaguzi wa afya kwenye nyama mbovu. Mhusika wake, Jonathan Kinama, ni karani anayemaliza mshahara kwa pombe na wanawake, na kitabu kinaufuata mshahara ule kwa uangalifu wa mhasibu mpaka kazi inapotea, na mwishowe uhai. Wakosoaji waliona uchafu katika kurasa zake, na ni kweli Maillu hakuwa na haya. Lakini ukikisoma kwa utulivu utaona kwamba kinachoelezwa kwa undani zaidi ni hesabu: kiasi kilichoingia, kiasi kilichokwenda, na nani nyumbani hakupata.

Kicheko hiki kilitoka wapi? Maelezo matatu yametolewa. La kwanza linasema Maillu alikuwa akiwaiga, kisha kuwakejeli, Chase na Mills & Boon, kama alivyofanya mwandishi yeyote wa vitabu vya bei nafuu Afrika, wakiwemo wale wa soko la Onitsha, Nigeria, waliouza vijitabu vya mapenzi na maadili kabla ya vita vya Biafra. La pili linasema alikuwa mwana wa Okot, na kwa umbo la mistari hili haliwezi kukanushwa. La tatu linarudi Ukambani. Vijana wa Kikamba walikuwa na nyimbo zinazoitwa myali, zilizoimbwa ngomani, zikimkosoa mtu kwa dhihaka mbele ya wote: mwanamume bahili, binti mwenye maringo, mzee asiyejiheshimu. Ngoma ya uchumba ilikuwa pia mahali pa kuhukumiana.

Mimi naona la tatu lina uzito kuliko linavyopewa. Kuiga kunaeleza majalada na majina ya vitabu; Okot anaeleza mistari. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoeleza kwa nini Maillu, baada ya kurasa kadhaa za ufuska, huanza ghafla kuhubiri. Msomaji wa kigeni huona hapo mwandishi anayejichanganya. Mtu aliyekulia palipoimbwa myali hashangai, kwa sababu huko kuchekesha na kukemea vilifanywa na mdomo mmoja, jioni moja.

Vitabu viliuzwa kwa wingi, na Comb Books ikaongeza vingine haraka, vyake na vya waandishi wengine. Upinzani ulikuja kwa pande mbili. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako mwishoni mwa miaka ya 1960 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wamedai fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo, baadhi ya wahakiki, Chris Wanjala akiwa mmoja wao, waliwaona Mangua na Maillu kama aibu iliyokuja badala ya mavuno. Kuna kinaya kidogo hapa: walitaka Mwafrika asome vitabu vya Waafrika, naye alipovisoma kwa hiari yake ikaonekana amechagua vibaya. Upande wa pili ulikuwa serikali. Mwaka 1976 Tanzania ilipiga marufuku vitabu vya Maillu kwa sababu za maadili.

Kufikia mwishoni mwa muongo huo Comb Books ilikuwa imeanguka. Wapo wanaoitaja marufuku ya Tanzania kuwa sababu, na si ndogo, kwa kuwa soko la Arusha na Dar es Salaam lilikuwa karibu na lenye wasomaji. Hata hivyo marufuku hiyo haikuwa na muda mrefu wa kufanya kazi peke yake: mapema 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na hata kitabu cha sala kisingevuka kwa urahisi. Kuna sababu nyingine iliyo wazi zaidi kwa yeyote aliyewahi kuendesha duka. Mtu mmoja alikuwa mwandishi, mchoraji, mhariri, mchapishaji na muuzaji, bei ya karatasi ilikuwa imepanda tangu msukosuko wa mafuta wa 1973, na mwenye duka la vitabu hulipa akijisikia. Isitoshe, wachapishaji wakubwa walikuwa wameshajifunza. Heinemann ya Nairobi ilianzisha Spear Books mwaka 1975 kwa ajili ya wasomaji walewale, na miongoni mwa vitabu vyake vya mwanzo kilikuwamo Sugar Daddy's Lover cha Rosemarie Owino, ambacho jina lake linaonyesha wazi shamba lile lilikuwa limelimwa na nani kwanza. Nikilazimika kupanga sababu hizi, ningeweka madeni na ushindani mbele, mpaka uliofungwa nyuma yake, na marufuku mwisho.

Baada ya kampuni yake kuanguka, Maillu aliandikia ya wengine. Macmillan ya Uingereza ilikuwa imeanzisha mfululizo wa Pacesetters kwa vijana wa Afrika: vitabu vyembamba vyenye majalada ya picha, mapenzi, ujambazi na upelelezi, vikiwa safi vya kutosha kuingia maktaba ya shule. Mwandishi aliyepigwa marufuku Tanzania akaingia mlango huo mwaka 1980 akiwa na vitabu viwili kwa mpigo.

For Mbatha and Rabeka ni hadithi ya mapenzi iliyofuata kanuni zote, na ndiyo maana inachekesha. Mbatha ni mwalimu wa shule ya msingi, Rabeka ni msichana waliyependana tangu utotoni kijijini. Rabeka anaugua, anakwenda kutibiwa Nairobi, na huko anakutana na mwanamume mwenye fedha, gari na mavazi ya kupendeza. Msomaji wa Mills & Boon anamngojea tajiri huyu kwa hamu, kwa maana katika vitabu hivyo ndiye huoa. Maillu anampa jina la Honeycomb Mawa. Jina linatosha: mtu anayeitwa sega la asali hawezi kuingia kijiji cha Ukambani akachukuliwa kwa uzito na mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Wakati huohuo mpinzani wake ni mwalimu ambaye silaha yake pekee ni subira na mshahara wa mwalimu, ambao kila mwanafunzi aliyekuwa akisoma kitabu kile chini ya dawati aliujua ulivyo. Wazazi wanapima, kijiji kinapima, Rabeka mwenyewe anapima. Hakuna anayejidanganya kwamba moyo unaamua peke yake. Mwisho wake nauacha kwa atakayekipata kitabu, na bado kinapatikana.

Kitabu cha pili, The Equatorial Assignment, kilimlenga James Bond. Mpelelezi wa Maillu anaitwa Benni Kamba, namba yake ni 009, na anaitumikia idara ya siri ya Afrika nzima dhidi ya njama za mataifa makubwa. Vifaa vya ajabu vipo, adui ana ngome yake, na yuko jasusi wa kike mrembo wa kumtia majaribuni. Bond wa Ian Fleming huwabadilisha wanawake kila kitabu na hakuna anayemdai chochote. Katika Benni Kamba mtindo huo umechukuliwa ukakuzwa mpaka mishono ikaonekana. Inawezekana vijana wengi walisoma kwa ajili ya mapigano tu. Lakini ni vigumu kuamini kwamba mwandishi aliyempa shujaa jina la kabila lake, akampandishia namba mbili juu ya ile ya Mwingereza, hakuwa akitabasamu. Benni Kamba alirudi katika Operation DXT mwaka 1986.

Mwaka 1988 Maillu aliyasema nje ya hadithi mambo ambayo hadithi zake zilikuwa zikiyazunguka. Our Kind of Polygamy ni kitabu cha hoja kinachotetea ndoa ya wake wengi, na hata asiyekubaliana nacho ataona humo kwa nini mwandishi huyu hakuwahi kuandika kwa dhati hadithi ya mmoja kumpenda mmoja milele: hakuamini kwamba ndiyo kanuni ya pekee. Mwaka uliofuata akatoa Without Kiinua Mgongo na mwaka 1990 Anayekukeep, vitabu vilivyochanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja kama watu walivyokuwa wakizungumza mjini. Walimu wa lugha zote mbili walilalamika kwa mara ya kwanza kwa sauti moja. Majina yenyewe yanaonyesha kwamba hakuwa amehama mtaa: la kwanza linataja malipo ya mwisho wa utumishi, la pili linamtaja mtu anayekulipia matumizi.

Vijitabu vya Comb Books sasa ni adimu. Nakala zilizobaki ziko mikononi mwa wanaokusanya vitabu na katika maktaba za vyuo vikuu, ambako watafiti wameandika tasnifu juu yake, baadhi wakitoka katika idara za fasihi zilezile zilizomkemea. Maillu mwenyewe, mnamo 1991, aliweka mapenzi kando kidogo akachapisha Broken Drum, riwaya ya historia ya Wakamba inayopita karne mbili kwa kurasa zaidi ya elfu moja. Wahakiki waliomtaka kwa miaka mingi awe mwandishi mzito walipata walichoomba, kwa kilo.